Mpaka Kwanza

Anayejifunza AutoCAD, programu ya kuchorea ramani za nyumba, kwa mtindo wake wa zamani hushangaa mapema: akitaka kukata mstari, programu haimwulizi mstari gani. Inamwuliza kwanza akate kwa kufuata nini. Unaandika TR, unaonyesha ukingo, tuseme ukuta wa sebule, unabonyeza Enter, ndipo unagusa kipande kinachochungulia nje ya ukuta huo. Kinaondoka. Kurefusha ni EX, kwa mpangilio uleule. Tena huhitaji kutoka kwenye amri moja kwenda nyingine: ukishikilia Shift wakati unakata, mkono huohuo unarefusha.

Tangu toleo la 2021 mambo yamelegezwa. Kila mstari uliomo kwenye mchoro huhesabiwa kuwa ukingo, nawe unagusa tu. Kipande kisichokutana na chochote hufutwa chote. Ni haraka, na vijana ofisini wanaupenda utaratibu huu. Mimi nimerudisha utaratibu wa zamani kwenye mipangilio. Nataka niulizwe.

Nyumbani hatuulizwi. Januari inapofika tunasema tupunguze matumizi, na kila mmoja anagusa kinachomkera: huyu king'amuzi, yule nauli za wageni, na hatimaye yanaondoka maziwa ya watoto kwa sababu hayana mtetezi. Hakuna aliyetangulia kusema ukuta ni upi: ada, kodi ya nyumba, dawa za bibi. Ukishatajwa huo, ubishi unapungua sana, maana vinavyopitiliza vinajionyesha vyenyewe.

Kupitiliza, kwa kweli, si balaa. Wachoraji wa zamani, wa kalamu za wino na karatasi angavu, walikuwa na sababu ya kuogopa: wino uliopita kona ulikwanguliwa kwa wembe, na karatasi ikabaki na kovu. Sisi tunapitiliza makusudi, tukijua tutakata. Kinachonitisha ni mstari uliopungua milimita moja. Kwenye skrini kona inaonekana imefunga. Unachapisha, mteja anaridhika. Siku unayotaka kujaza alama za zege ndani ya ukuta ndipo programu inagoma, eneo halijafungwa, nawe unaanza kuvuta kona moja moja kwa karibu ukitafuta mwanya.

Mwanya wa namna hiyo nauona sana kwenye misiba ya siku hizi. Mchango umetumwa kwa simu, jina limo kwenye orodha ya kundi la WhatsApp, kiasi chenyewe si haba. Lakini mtumaji hakufika, wala hakupiga simu, na mfiwa hatasema. Anayezidisha, anayelala matangani mpaka wenyeji wachoke, huyo ataambiwa tu, hata kwa utani. Aliyepungukiwa kidogo hana wa kumwambia.

Kurefusha nako kuna sharti lake, na ndilo gumu zaidi kulikubali. Mstari hurefuka kule ulikoelekea tangu mwanzo, basi. Ukingo ukiwa kando, programu haiupindi mstari; inajibu kwamba upande huo hakuna ukingo. Mduara haurefuki kabisa, hauna ncha. Uking'ang'ania mstari ufike kusikokuwa mbele yake, itabidi uuzungushe, na hiyo ni amri nyingine. Ukishazunguka, unaachana na kuta ulizokuwa umezigusa.

Nimewahi kukaa na wazazi wanaong'ang'ania hivyo zaidi ya mara moja, watu wema kabisa. Kijana yuko kidato cha tatu, jioni zake zote ziko gereji ya jirani, anaujua ugonjwa wa injini kwa kuisikiliza. Wazazi wameshaweka ukingo: udaktari. Matokeo yanatoka, fizikia nzuri, baiolojia F. Jibu limeshatolewa hapo. Baba anachukua simu, anatafuta mwalimu wa tuisheni ya baiolojia.