Likizo: Kupanga ni Kuchagua
Na Mwandishi Wetu

Likizo ya mfanyakazi si zawadi ya mwajiri, wala si hisani ya msimamizi wa zamu. Ni haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara siku zisizopungua 28 mfululizo za mapumziko yenye malipo, sikukuu zikiwa ndani yake, na inamtaka mwajiri alipe ujira wa siku hizo kabla likizo haijaanza.

Hata hivyo, katika familia nyingi za mijini haki hii huyeyuka kama chumvi majini. Wiki ya kwanza baba hulala. Wiki ya pili huitwa kwenye vikao vya harusi. Wiki ya tatu fedha zimekwisha, na ya nne ni ya kuhesabu siku za kurudi kazini. Watoto, ambao shule zao hufungwa mwezi wa Juni, hushinda uani wakigombania kivuli cha mwembe. Siku ya 29 fundi anarudi kwenye mashine yake akiwa mchovu kuliko alivyoiacha.

Ni kweli kwamba kipato ni kidogo na mahitaji ni mengi. Lakini umaskini si sababu pekee. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere alipouwasilisha Mpango wa Pili wa Maendeleo, hotuba yake iliitwa "Kupanga ni Kuchagua". Maneno hayo yalilenga taifa zima, lakini yanaifaa pia nyumba ya vyumba viwili Temeke au Manzese. Familia isiyochagua itumieje likizo yake huchaguliwa na wengine.

Hebu basi tuchukue mfano mmoja: siku tano tu kati ya zile 28, familia ya Dar es Salaam ikipanda Lushoto, mkoani Tanga.

BARIDI ILIYOKUWA YA WACHACHE

Lushoto imekaa katika Milima ya Usambara, kiasi cha meta 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Juni mvua za masika zimepungua na kipupwe kimeingia. Asubuhi ukungu hulala mabondeni, na jioni mtu hutafuta sweta. Kwa mkazi wa pwani aliyezoea joto na jasho, hewa hiyo peke yake ni tiba.

Wakoloni waliligundua jambo hilo mapema. Wajerumani waliupa mji huu jina la Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Walijenga nyumba zao huko na kuyakimbilia mapumziko ya baridi, huku Wasambaa, wenye nchi, wakifanywa vibarua katika mashamba ya walowezi. Kupumzika milimani kulikuwa jambo la bwana. Leo karani, mwalimu au kuli wa bandarini akikaa juu ya jiwe pale Lushoto na watoto wake, akimenya ndizi bila kuulizwa anatafuta nini, si jambo dogo. Ni sehemu ya matunda ya uhuru, na matunda yasipochumwa huoza mtini.

NJIANI

Basi huondoka alfajiri kutoka Stendi ya Magufuli, Mbezi, likapitia Chalinze, Segera na Korogwe hadi Mombo. Hapo barabara ya Lushoto inaiacha barabara kuu na kuanza kupanda. Kilomita zipatazo 33 zilizobaki ni kona juu ya kona: upande mmoja mwamba, upande wa pili korongo. Mtoto anayechafukwa tumbo asishibishwe sana kabla ya safari, na akae dirishani. Kabla hamjafika mjini mtapita Soni, ambako mto huporomoka kwenye miamba karibu kabisa na barabara. Hapo ndipo watoto wa mjini hutambua kwamba maji hayazaliwi bombani.

Safari ya siku moja huchosha. Kwa hiyo siku ya kwanza na ya tano zihesabiwe kuwa za njiani, na zile tatu za katikati ndizo za kutembea.

YA KUONA NA YA KUJIFUNZA

Siku moja iwe ya Irente, mwendo wa kilomita chache kutoka mjini, ambao familia yenye miguu mizima inaumudu. Mlima unakatika ghafla, na chini kabisa, takriban meta 1,000, nyika inatandazwa hadi macho yachoke. Barabara mliyojia inaonekana kama uzi uliodondoshwa. Watoto washikwe mikono, kwani ukingo hauna mzaha.

Siku ya pili iwe ya msitu wa Magamba. Hapa huingiwa kwa kiingilio na kwa kufuata taratibu za wahifadhi, na mwenye kiongozi huona mengi zaidi. Wapo mbega weusi wenye mabega meupe, wakirukaruka juu ya miti mirefu. Waelezeni watoto pia habari ya ua dogo la zambarau linalopandwa katika vyungu madirishani huko Ulaya na Marekani. Asili yake ni milima hii ya Usambara. Ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka kwao, na mwaka 1893 wataalamu wakalipa jina la Saintpaulia. Ua ni letu, jina ni lake.

Siku ya tatu iwe ya sokoni na mashambani. Kabichi, karoti na viazi vinavyouzwa Kariakoo vingi hutoka miteremko kama hii, ambako mkulima hupanda akiwa kama amening'inia. Wazee wa huku hawajasahau kwamba kati ya 1946 na 1957 serikali ya Waingereza iliwalazimisha kuchimba matuta kwa amri na faini. Wakulima, wanawake wakiwa mbele, waligoma mpaka mpango huo ukaachwa. Mtoto aliyeliona shamba lile hatatupa tena kipande cha karoti mezani kwa urahisi.

Jioni, kabla ya kulala, simulieni hadithi ya Mbegha, mwindaji mgeni aliyewaua nguruwe walioharibu mashamba, akawagawia watu nyama, nao wakamfanya mfalme wao. Mji mkuu wa ukoo wake ulikuwa Vuga, humuhumu milimani.

MFUKO WA LIKIZO

Sasa tuzungumze fedha. Mpango mzuri huanza miezi sita nyuma, kwa baba na mama kukaa pamoja na kalenda. Jambo la kwanza ni tarehe: mwombe mwajiri likizo mapema ili iangukie wakati shule zimefungwa, kwa maana anayechelewa hupewa iliyobaki. La pili ni hesabu: nauli ya kwenda na kurudi kwa kila mtu, malazi ya usiku nne katika nyumba ya wageni ya kawaida, chakula, viingilio, na akiba ya ugonjwa. Jumla hiyo igawanywe kwa miezi sita, na sehemu ya kila mwezi iwekwe kando siku ileile ya mshahara. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kisicho na mfuniko huliwa na panya.

La tatu ni kuwaeleza ndugu na jamaa mapema kwamba tarehe hizo mna safari. Hatusemi watu wakimbie misiba wala wasisaidiane. Tunasema siku tano kati ya 28 si nyingi kuwapa watoto wako mwenyewe.

Ikiwa Lushoto ni mbali kwa mfuko wa mwaka huu, chagueni Bagamoyo kwa siku moja, au kijiji cha bibi kwa wiki nzima. La muhimu si umbali. Mtoto atasahau viatu vya sikukuu, lakini hatasahau siku aliyosimama na baba yake na mama yake juu ya mlima, wote watatu wakiwa hawana haraka.