Kabla Hamjatia Piano Kwenye Kontena

Kwenye kundi letu la WhatsApp la watu wa Nyakahura, mkoani Kagera, tulioko nje, wazo la piano haliishi. Huku Minnesota piano kuukuu hugawiwa bure: mzee akihamia nyumba ndogo, watoto wake wanakusihi uje na gari uichukue tu. Basi mmoja wetu huandika: tuchange, tuitie kwenye kontena, malori ya mpakani Rusumo si yanapita mlangoni kwetu kila siku? Kigango kitapata piano ya kweli, kwaya itaimba. Zinafuata emoji za makofi. Mimi huuliza swali moja, na huwa linapoza kundi zima: nani ataituni?

Nauliza kwa sababu Jumamosi huwa namsaidia mzee mmoja anayeishi kwa kazi hiyo. Namshikia tochi, nambebea mkoba. Piano ina vitufe 88 na nyuzi za chuma zipatazo 230, na mvuto wa nyuzi zote kwa pamoja hufika tani 15 hadi 20. Kila waya umezungushwa kwenye pini ya chuma yenye unene wa milimita 7 hivi, iliyogongewa ndani ya ubao mnene wa mbao ngumu zilizobandikwa tabaka kwa tabaka. Pini hiyo haina nati wala gundi. Kinachoishika ni kubanwa na mbao, basi.

Kuipandisha sauti hadi mahali pake ni rahisi, hata simu ina programu ya kukuonyesha. Kazi ni kuifanya ikae. Ukizungusha spana, kichwa cha pini hutangulia na mguu wake ulio ndani ya mbao hubaki nyuma, kwa hiyo pini inajisokota. Ukiondoka hapo ukidhani umemaliza, itajisokotoa polepole na sauti itashuka kabla ya Jumapili. Mzee wangu huipitisha juu kidogo ya sauti anayoitaka, kisha huirudisha chini kwa kuisukuma kidogo mno, huku akikipiga kitufe kwa nguvu mara kadhaa. Majirani wanadhani ana hasira. Mapigo yale ndiyo yanayosawazisha mvuto wa waya kutoka upande wa pini hadi ng'ambo ya daraja la mbao linalozibeba nyuzi. Yasipofanyika hapo, mpiga piano ndiye atakayeyafanya katikati ya wimbo wa matoleo. Na piano iliyolegea sana hutuniwa mara mbili mfululizo, kwa kuwa nyuzi zinapokazwa zinaukandamiza ubao wa sauti, na zile ulizoanza nazo hulegea tena.

Watu wa kundini husema hali ya hewa ya Kagera itaiua. Sikubali. Januari hapa, hita zinakausha nyumba mpaka midomo inapasuka. Julai joto linakuja na unyevu mwingi. Ubao wa sauti hunywa unyevu, huvimba na kuzikaza nyuzi, kisha msimu ukigeuka hunywea na sauti inashuka. Ndiyo maana wenye piano huku humwita fundi mara moja au mbili kwa mwaka. Kwetu kuna masika, kuna vuli, na kiangazi cha Juni hadi Agosti kinakausha kweli, lakini hakuna hita. Naona Minneapolis ni katili zaidi kwa mbao kuliko Nyakahura.

Ninachoogopa ni ugonjwa utakaosafiri na piano yenyewe. Ubao wa pini uliokaushwa na hita kwa miaka 50 hupata nyufa, na pini hazibanwi tena. Unatuni asubuhi, jioni imeshuka. Pini ikilegea kidogo, fundi huigonga izame zaidi, kwa hadhari. Ikizidi, anaing'oa na kuweka nyingine nene kidogo. Siku hizi wengi hutumia supagluu ile nyepesi kama maji: unailaza piano chali, unadondosha tone kwa tone kwenye shingo ya pini, mbao inakunywa, unasubiri. Mzee wangu alikuwa akiidharau njia hiyo. Sasa ana chupa mbili mkobani. Ubao ukishapasuka vibaya, hakuna dawa ya bei nafuu. Na jamani, asitokee mtu wa kupulizia mafuta pini yenye kutu! Mbao ikishalowa mafuta, haishiki tena.

Nyumbani ufundi wa nyuzi haukuletwa na kontena. Enanga ya Wahaya, na inanga ya ndugu zetu wa upande wa Ngara na Burundi, haina pini hata moja. Ni uzi mmoja mrefu unaokwenda na kurudi kwenye mapengo ya ubao uliochongwa mfano wa karai refu, na mpigaji huukaza kwa kuuvuta kutoka mstari mmoja kwenda mwingine. Akiugusa mmoja, wa jirani unaweza kubadilika. Anapatanisha sauti na koo lake, na inapolegea anaitengeneza mwenyewe. Zanzibar, mpiga kanuni wa taarabu ana nyuzi 70 na zaidi na vigingi vyake vya kukazia, na ufunguo wa kuvizungusha ni wake. Unyevu wa bahari ukizilegeza, anakaza yeye. Kwa watu hawa, kutuni ni sehemu ya kupiga. Piano ndiyo iliyomtenganisha mpigaji na fundi, na huku mpango huo unafaa kwa sababu fundi yuko umbali wa simu moja. Kutoka Nyakahura utampigia nani?

Kwa hiyo, ndugu zangu wa kundi, mchango wa kwanza uwe wa kijana mmoja wa kwaya mwenye sikio zuri, akakae na fundi wa piano Nairobi hata miezi michache, arudi na spana yake. Pili, kabla piano haijapakiwa, fundi wa huku azijaribu pini moja moja; zikiwa laini mkononi, iacheni. Ikifika, iwekwe mbali na dirisha, miguu iinuliwe juu ya sakafu kwa ajili ya mchwa. Mkiona hayo ni mengi, nunueni kinanda cha umeme na stebilaiza. Nitachanga.