Sikungoja Maji Yapwe

Nilinunua mashua mbovu. Aliyeniuzia hakuniambia uongo hata mmoja, kwa sababu sikumuuliza swali lolote la maana.

Ilikuwa Februari, Lamu. Mashua ya futi 26, rangi ya samawati mbichi, tanga jipya la marekani. Mwenyewe alitaka shilingi laki 5, tukaafikiana laki 4 na nusu. Miaka mitatu nilikuwa nikiweka akiba nipate chombo cha kutembea nacho pwani: Malindi, Kilifi, Mtwapa, na siku ikiruhusu hata Pemba. Kaskazi ilikuwa inaelekea ukingoni, na anayeshuka kusini kutoka Lamu asipoiwahi, itambidi apigane na kusi. Haraka yangu yote ilitoka hapo.

Fundi mmoja mzee, aliyekuwa akipiga kalafati chombo cha jirani, aliniona nikigonga mlingoti na kukagua foromali.

"Mwanangu," akaniambia, "ngoja bamvua. Maji yakipwa ikae kavu, uutazame mkuku."

Bamvua ilikuwa siku 5 mbele. Nikamshukuru. Nikalipa jioni ileile.

Tulipopita Kipini tukawa tunafua maji kila saa. Ndani ya ghuba ya Ungwana, kila nusu saa. Baharia niliyekuwa naye hakusema kitu, akawa anafua tu. Malindi tukaipweleza. Maji yakaondoka polepole, ubavu wa samawati ukatokeza, unang'aa vilevile kama siku niliyoupenda. Nikatoa kisu nikauchoma mkuku karibu na usukani, wala sikutia nguvu. Kikazama mpaka mpini. Sikukichomoa. Nilikaa chini kwenye mchanga wenye maji, nikakitazama.

Kipande kilipokatwa, ndani kilikuwa vijia vitupu, vipana kama kidole, vimetandwa kitu cheupe kigumu mfano wa ganda la yai. Mdudu anayevichimba watu humwita mnyoo, lakini ni jamii ya chaza. Huingia angali mdogo sana, kwa tundu usiloweza kuliona, kisha akala mti kwa ndani huku akikua, na nje pakabaki pazima. Ukipaka rangi juu yake, ndiyo kabisa.

Mkuku mpya, mbao 4 za chini, pamba, sifa na ujira wa mafundi: shilingi laki 2 na elfu 80. Elfu 80 nilikopa kwa ndugu yangu. Kazi ikaisha Mei, kusi imeshashika, mashua ikalala Malindi chini ya makuti mpaka Desemba.

Mwezi huo nilipanda Lamu kwa basi, nikamtafuta yule mzee, nikamsimulia yote. Alisikiliza bila kuacha kazi. Kisha akaniuliza, siku ile ngama ilikuwaje. Nikamwambia ilikuwa kavu kabisa.

"Na upo?"

Nilikuwa nimeuona. Ulikuwa umelazwa chini ya kibao cha nyuma, unatona maji.