Udongo Wenye Mkono wa Bibi

Safari ya Kimuli, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, huanza kunoga mkiiacha Omurushaka. Kwa anayetoka Bukoba, Kyaka imekwisha kupita, mji wa daraja lililolipuliwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978. Mbele yake sasa ni vilima juu ya vilima, migomba hadi mlangoni mwa watu, na mibuni imejificha chini yake. Mgeni hutoa simu apige picha, akisema Mungu kaipendelea Kyerwa.

Sikatai. Ila mama mzazi wa babu yangu naye alitia mkono wake.

Huku shamba la nyumbani huitwa kibanja. Ukitoka nje ya migomba, kilimani kweupe, udongo umechoka na unaotesha nyasi tu. Ule mweusi ulio kibanjani umetengenezwa: nyasi zilizokatwa kilimani zikaletwa kichwani, samadi, majivu ya jikoni, maganda ya ndizi, miaka nenda miaka rudi. Bibi aliifanya kazi hiyo tangu alipoolewa hadi mgongo ulipokataa. Hata hapo aliendelea kukagua akiwa ameketi barazani, na ole wako utupe ganda njiani.

"Mjukuu wangu, mbona unaunyima mgomba chakula?"

Mimi ni kitukuu chake, lakini kwake sote tulikuwa wajukuu.

Wageni aliwapa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na majani ya kunukia kisha zikaanikwa. Wazee wa Kagera walitafuna kahawa hivyo kabla ya Mzungu kuja kuinunua kwa magunia. Hii ya kikombe ni ya juzi tu. Ile ya kuuza ilikuwa mali ya mume wake, na kibanja kilikuwa cha ukoo. Bibi alikirutubisha asikimiliki.

Alikwisha zeeka wakati Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, alipouza shamba alilorithi kwa baba yake, na mpwa wake akaenda mahakamani kupinga. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo sawa na mwanamume. Kwangu mimi, hukumu ile ni fahari ya Kagera kama zilivyo ndizi zake.

Bibi alizikwa Karagwe. Kyerwa ilipojitenga kuwa wilaya mwaka 2012, kaburi lilihama wilaya bila kutoka migombani. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulioingia Kagera mwaka 2006 nao ulifika kibanjani, tukang'oa mashina ambayo huenda yeye ndiye aliyeyapanda. Udongo ulibaki, na machipukizi mapya yakashika vizuri.

Kibanja sasa anakitunza shangazi, na safari hii karatasi ya kijiji ina jina lake mwenyewe. Nilipofika alinipa kahawa ya kutafuna, akasubiri niimalize, kisha akanikabidhi panga na kunionyesha kilima chenye nyasi.