Usiuze 504 kwa Sababu Inachemsha

Mombasa

Mwanangu,

  

Nimepata habari kwamba unatafuta mnunuzi wa Peugeot 504 ya marehemu baba yako, na kwamba macho yako yako kwenye Datsun 1600 SSS. Sababu niliyoambiwa ni kuwa Peugeot inachemsha. Habari hiyo imeninyima usingizi, ndiyo nakuandikia kabla hujapokea arubuni ya mtu.

Sikatai, Datsun ni gari. Edgar Herrmann alishinda nayo Safari Rally mwaka 1970. Ni nyepesi kuliko 504 kwa zaidi ya kilo 200, na kabureta zake mbili zikisawazishwa vizuri, kwenye lami Peugeot haiioni. Lakini 504 nayo ilishinda mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, na mwaka 1978 ikashinda ile kupe ya V6 ya Jean-Pierre Nicolas. Springi zake ni ndefu na laini, barabara mbovu huimeza abiria wasijue. Tena slivu za silinda zake huchomolewa zikatiwa mpya bila kuchonga bloku. Silinda za Datsun zikilika, bloku lazima liende kwa mchonga vyuma, na wewe uhangaike kutafuta pistoni za saizi kubwa.

Sasa sikiliza hili la kuchemsha. Jirani yetu mmoja wa Changamwe aliuza Peugeot yake kwa sababu hiyohiyo yako, akanunua Datsun 1600. Mpira wa rejeta wa hiyo Datsun ulikuwa umevimba pale kwenye klipu. Nilimwonyesha kwa kidole, akasema ataubadilisha mwisho wa mwezi. Akapandisha mlima wa Mazeras na familia nzima, jua la saa saba. Mshale wa joto ukapanda, naye akakanyaga tu, hadi mpira ukapasuka. Akaimwagia injini maji baridi ikiwa bado inatokota. Nilipofungua hedi nililaza rula ya chuma juu yake, mwanga ukapita chini ya rula. Magari yote mawili yana hedi ya alumini juu ya bloku la chuma. Joto likizidi hedi hupinda, halichagui Mfaransa wala Mjapani. Bwana yule alibadilisha gari, tabia akabaki nayo.

Sasa turudi kwa gari lako: feni ya 504 hushikwa kwa sumaku ya umeme. Kaboni yake ndogo ikilika, feni haishiki sawasawa hata mkanda ukiwa mzima. Mwambie fundi aache injini ipate moto, atazame kama feni inashika, na kama mpira wa rejeta haujavimba. Kaboni si kitu cha gharama. Baba yako aliyajua haya kwa kuwa mimi ndiye niliyemfundisha, na nusu ya fedha za gari hilo zilitoka mfukoni mwangu ingawa kitabu cha gari kina jina lake peke yake. Sidai kitu. Nataka tu niulizwe kabla halijauzwa.

Na mengine matatu uyashike: oili ibadilishe mapema. Gari usilinunue usiku. Ufunguo usimwazime rafiki.

Ukishatengeneza feni na mpira, na moyo bado uko kwa Datsun, njoo tuzungumze, nitakukagulia mwenyewe. Lakini 504 usiiuze ikiwa inachemsha. Utaitoa kwa bei ya chuma chakavu, na atakayeinunua ataitengeneza kwa siku moja, akupite nayo barabarani.

Baba yako mkubwa