Trekta Dogo la Kikundi Chetu

Mimi ni mkulima wa wilaya ya Biharamulo. Utotoni sikwenda shule. Nilijifunza kusoma na kuandika nikiwa mtu mzima, katika darasa la kisomo kijijini kwetu. Leo nataka kuwaeleza, wanakisomo wenzangu, jinsi trekta dogo lilivyotaka kuvunja kikundi chetu.

Mwaka 2009 serikali ilitangaza Kilimo Kwanza. Matrekta madogo ya mkono, ambayo watu huyaita pawatila, yakaanza kuonekana vijijini. Kikundi chetu kilikuwa na wakulima 12. Sote tulilima mahindi na maharage kwa jembe la mkono. Tuliweka akiba misimu mitatu. Mwaka 2011 wenzangu walinikabidhi fedha wakasema, "Mwenyekiti, nenda ukatununulie trekta." Fedha hazikutosha kununua jipya. Nikanunua lililokwisha kutumika, la aina ya bei nafuu, lililotengenezwa China.

Siku nilipolileta, watu walilizunguka.

"Mbona halina kiti?"

"Betri iko wapi? Na stata?"

Mzee mmoja akasema, "Mwenyekiti ameuziwa mabaki. Au vyuma vingine ameviuza njiani."

Maneno hayo yaliniuma. Lakini mvua za vuli zilikuwa karibu, tukaanza kulima. Baada ya wiki moja injini ilianza kutoa moshi wa buluu. Nguvu zikapungua. Asubuhi ikawa haitaki kuwaka. Sasa watu hawakunong'ona tena. Walisema waziwazi kwamba nimekula fedha zao. Usiku sikupata usingizi. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, ugomvi hauleti jibu. Kuuliza si ujinga. Nenda kaulize."

Nilikwenda kwa bwana shamba. Aliniazima kitabu cha mashine ya namna ile. Kilikuwa na picha, na kila chuma kilikuwa na nambari yake. Niliwaita wenzangu wote. Tukakaa chini ya mwembe, tukalinganisha kitabu na trekta, chuma kwa chuma.

Kwanza nilisoma kibati kilichopigiliwa kwenye injini. Kiliandikwa S195. Kitabu kilieleza kuwa injini hiyo ina nguvu za farasi 12 na inazunguka mara 2000 kwa dakika. Trekta kubwa tulilolizoea zamani, Massey Ferguson 135, lilikuwa na nguvu za farasi kama 45. Kwa hiyo letu halikuwa bovu kwa kuwa dogo. Lilitengenezwa hivyo.

Kisha tukatafuta stata na betri katika picha. Havikuwamo. Kiwanda hakikuviweka, ili bei ishuke. Injini huwashwa kwa hendeli. Kiti nacho hakikuwamo katika picha, maana mlimaji hutembea nyuma ya trekta. Rejeta pia haikuwamo. Juu ya injini kuna tangi la maji. Maji yakichemka hutoa mvuke, na huo si ugonjwa. Kazi yako ni kutazama alama ya maji na kuongeza maji safi yanapopungua.

Yule mzee alitikisa kichwa. Akasema, "Kumbe kiwanda kimepunguza vyuma, kikatuachia sisi kazi."

Ndivyo ilivyo. Trekta la bei nafuu halifanyi kazi ya bure. Kila kilichopunguzwa, mtu hukifidia kwa mkono wake, kwa miguu yake na kwa macho yake.

Tulipofika ukurasa mwingine, tuliona picha ya chujio la hewa. Tukatazama trekta letu. Chujio halikuwapo! Chombo hiki kiwanda hakikukipunguza. Aliyelitumia kabla yetu alikuwa amekiondoa au amekipoteza. Injini ilikuwa ikivuta vumbi la shamba kama mtu anayekula mchanga. Vumbi lilikuwa limekwisha kusaga ringi za pistoni. Moshi wa buluu ulitoka huko.

Basi kosa lilikuwa langu, lakini si wizi. Nilipokuwa sokoni nilibishana na muuzaji juu ya stata ambayo haikuwahi kuwapo. Chujio lililopotea sikuliona. Niliwaambia wenzangu hivyo, nikaomba radhi. Tukachanga fedha. Mimi niliuza mbuzi wawili. Fundi alibadili ringi na kufunga chujio jipya. Mashamba ya wenzetu wanne yalichelewa kupandwa mwaka huo, na mavuno yao yalikuwa haba. Jambo hilo bado linanihuzunisha.

Trekta lilitulimia miaka mingi baada ya hapo. Jamaa zetu wa Ngara walikuja kulikodi. Tuliwakubalia kwa mashamba ya bondeni tu. Kwenye miteremko mikali trekta la mkono hupinduka na kumwumiza mtu. Na chini ya migomba na mibuni yao, jembe la mkono bado ni bora.

Ndugu msomaji, ukitaka kununua mashine ya bei nafuu iliyokwisha kutumika, fanya haya:

1. Soma kibati. Nakili nambari zake.
2. Tafuta kitabu chenye picha. Tenga vilivyopunguzwa na kiwanda na vilivyopotea.
3. Tazama chujio la hewa, oili na vifuniko vya mikanda.
4. Ukizungusha hendeli, weka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine. Hendeli ikirudi nyuma ghafla inaweza kukuvunja mkono.
5. Usiende peke yako. Macho mawili huona kidogo kuliko macho sita.

MASWALI

1. Kwa nini wanakikundi walimshuku mwenyekiti?
2. Trekta lilikosa vitu gani? Kipi kilipunguzwa na kiwanda, na kipi kilipotea?
3. Kama wewe ungekuwa mwanakikundi, ungemsamehe mwenyekiti? Jadilianeni.