Nilisoma Bure, Nikawashauri Wengine Walipe

Nimefundisha Historia na Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini, sehemu kubwa hapahapa Tabora, na katika muda wote huo sikuwahi kumwambia mwanafunzi asiende chuo kikuu. Aliyepata Divisheni I nilimwambia aende. Aliyepata Divisheni III naye nilimwambia aende, ila atafute chuo cha binafsi. Ushauri huo niliupeleka hadi nyumbani kwa dada yangu, na gharama yake ikalipwa na mtu ambaye hata sikumhesabu.

Nianze na mimi mwenyewe, maana kosa lilianzia hapo. Nilimaliza kidato cha sita enzi za Azimio la Musoma la 1974, lile lililotaka mtu afanye kazi kwanza ndipo aombe chuo kikuu. Nikapita JKT, nikafanya kazi, kisha nikaenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Waranti ya treni nilipewa, daraja la tatu, Tabora hadi Dar es Salaam. Nilipewa kitanda, chakula, vitabu, na bumu juu yake. Nilipohitimu sikuandika barua ya kuomba kazi. Barua ilikuja yenyewe, kunipangia kituo. Baba yangu hakuuza hata kuku. Mambo ya kuchangia gharama yalikuja baadaye, miaka ya tisini, na Bodi ya Mikopo ilianza kazi 2005, baada ya sheria ya 2004. Mimi wakati huo nina mvi, lakini chuo nilichokuwa nakisifia darasani kilikuwa kilekile cha ujana wangu: unaingia mtoto wa mkulima, unatoka mtumishi, nauli juu ya serikali.

Mtu wa namna hiyo hafai kumshauri mwenzake kuhusu bei.

Mwaka 2012 mpwa wangu alimaliza kidato cha sita, akapata Divisheni III ya masomo ya sanaa. Akaja kwangu na fomu za Chuo cha Nyuki. Chuo chenyewe kipo hapa mjini, na mkoa huu umezungukwa na miombo, asali ya Tabora haihitaji kutangazwa. Kijana alikuwa amekulia kwa babu yake Sikonge, akipanda miti na kushusha mizinga ya magome. Alitaka stashahada. Nilicheka. Nikamwuliza, "Nyuki nao wanasomewa? Babu yako alisomea wapi?" Akatazama chini, akasema, "Sawa, mjomba." Kwetu kijana habishani na mjomba wake, na nililijua hilo wakati nasema.

Sidai kwamba angetajirika kwa asali. Wapo waliosomea nyuki na leo wanaendesha bodaboda. Ninachokiri ni kwamba sikuuliza ada ya chuo kile ni kiasi gani, wala mafunzo yanachukua muda gani. Nilitaka shahada kwenye ukoo.

Dada yangu analima tumbaku upande wa Urambo. Nikampigia, nikamweleza kwamba mtoto amepata nafasi ya shahada ya ualimu katika chuo kimoja cha binafsi, mkopo wa serikali utabeba sehemu, kilichobaki ni kidogo. Hicho "kidogo" kilikuwa ada iliyozidi mkopo, chumba cha kupanga, nauli na kujikimu. Wakaenda ng'ombe wanne kwanza. Mwaka uliofuata malipo ya tumbaku yakachelewa, wakaenda wengine wawili.

Sasa nimfikie binti. Ni mdogo wa yule kijana, na alimaliza kidato cha nne mwaka huohuo wa 2012. Mnaoukumbuka mwaka ule mnajua: matokeo yalipotoka Februari 2013, zaidi ya watahiniwa sita katika kila kumi walikuwa wamepata sifuri, nchi nzima ikatikisika, hadi matokeo yakapangwa upya. Yeye alifaulu matokeo ya kwanza kabisa. Alitaka kusomea uhazili, hapahapa Tabora, kozi ambayo ingempa kazi ya ofisini ndani ya muda mfupi. Dada akaniuliza itakuwaje. Nikajibu bila hata kuhema: "Asubiri kidogo, kaka yake amalize. Miaka mitatu si mingi."

Akasubiri kwenye tumbaku. Asiyewahi kuifanya kazi ile aelewe inavyokwenda. Majani yanachumwa mabichi, yanafungwa kwa uzi kwenye fito mojamoja, fito zinapandishwa ndani ya bani la kukaushia, na moto unachochewa usiku na mchana. Utomvu wake unaganda vidoleni, mweusi, hautoki kwa sabuni. Niliwahi kupita pale msimu wa mavuno nikamkuta amekaa kwenye gunia anafunga. "Shikamoo, mjomba." Akanipa kifundo cha mkono nishike badala ya kiganja, asinichafue. Nikamuuliza habari za kaka yake chuoni. Za kwake sikuuliza. Mwaka 2015 aliolewa.

Walimu wa Tabora tuna ugonjwa wetu. Mwalimu Nyerere alisoma Shule ya Wavulana hapa kuanzia 1937, akaenda Makerere 1943, akarudi kufundisha St. Mary's, ndipo 1949 akapanda ndege kwenda Edinburgh. Kwenye mahafali tunaisimulia safari hiyo hadi wazazi wanasinzia. Tunachoruka ni kwamba alisoma kwa ufadhili, na kwamba yeye mwenyewe aliisema gharama hiyo wazi. Mwaka 1964 aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya kulitumikia taifa, pamoja na kukatwa mshahara, aliwarudisha nyumbani karibu mia nne, akapunguza na mshahara wake mwenyewe. Somo hilo nimelifundisha mwaka baada ya mwaka, tarehe zote kichwani. Haikunijia hata siku moja kwamba katika ukoo wangu kijiji chenye njaa kilikuwa dada yangu na binti yake.

Hata wazee wetu wa njia ya misafara walihesabu vizuri kuliko mimi. Njia ya Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapa Unyanyembe, na kijana wa Kinyamwezi ambaye hajafika pwani alionekana bado mtoto. Richard Burton, aliyefika hapa 1857, aliliona hilo na kuliandika. Kwa hiyo hamu ya kumpeleka mtoto mbali arudi mtu mwingine hatukuletewa na chuo kikuu. Lakini wapagazi kwa kawaida waliondoka kiangazi, mavuno yakiwa ghalani, na waliobaki walijua jembe litashikwa na nani mvua zikianguka kabla vijana hawajarudi. Wao hawakumwaga mtu kwenye tumbaku miaka mitatu na kusema ni kidogo.

Mpwa wangu alihitimu 2015. Mwaka 2016 ajira za serikali zikasimama kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Ziliporudi, waliotakiwa walikuwa walimu wa sayansi na hisabati. Wa sanaa walihesabiwa kuwa wamezidi, hata baadhi ya waliokwishaajiriwa sekondari wakahamishiwa shule za msingi. Mwaka huohuo wa 2016 sheria ya mikopo ilirekebishwa, makato ya mwajiriwa yakapanda kutoka asilimia 8 ya mshahara hadi 15. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilikuja kufutwa 2021. Silaumu mtu kwa hayo. Hakuna aliyenidanganya, mimi ndiye niliyeahidi ajira ambayo haikuwa yangu kuitoa.

Leo kijana ana zaidi ya miaka thelathini na anajitolea shule ya kata, analipwa na michango ya wazazi, ikichangwa. Alikwenda kwenye usaili wa walimu wa Januari 2025, ule ulioombwa na watu zaidi ya laki mbili kwa nafasi zisizofika elfu 15. Hakubahatika. Ni mwalimu mzuri, nimemkagua mwenyewe, anafundisha vizuri kuliko nilivyofundisha mimi umri wake. Ndiyo maana nashindwa kusema kwamba shahada haina maana. Wanafunzi wangu waliosomea uuguzi na famasia wanaishi vizuri, na wapo mabinti waliookolewa na chuo kikuu kutoka ndoa wasizozitaka. Wachumi nao kwa miongo mingi wameonyesha kwamba elimu ya juu inaongeza kipato Afrika yetu kuliko sehemu nyingi za dunia. Ila wastani huo unatoka kwa watu wenye mishahara ya kupimwa. Mwalimu wa kujitolea hayumo humo, na aliyebaki kufunga tumbaku ili mwingine asome hayumo popote.

Haya yote nisingeyaandika kama si msiba wa shemeji yangu, mwaka jana. Usiku wa matanga nilijikaza, nikamwambia dada kwamba nadhani nilimshauri vibaya, na wale ng'ombe wananiuma. Akanitazama kwa mshangao. "Ng'ombe nimeshawasahau, kaka. Muulize huyo," akasema, akimwonyesha kwa kidevu binti yake aliyekuwa anapakua wali. Nilikuwa nimekuja kuomba radhi kwa mtu asiyenidai.

Binti anaishi Tabora mjini sasa, ana watoto wawili, na anashona kwenye kibaraza cha duka la mtu. Baada ya arobaini nilimwita nyumbani. Nikamwambia nimeweka akiba kidogo kutoka kwenye kiinua mgongo, nataka nimlipie ile kozi aliyoikosa, ajiunge mwezi wa tisa. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu yao ileile.

"Nashukuru, mjomba. Lakini mimi nataka ovaloki."

Nikaanza kumweleza faida ya cheti. Nilikuwa nimeshafika kwenye sentensi ya pili, sauti ya mahafali kabisa, ndipo nikajisikia. Nikanyamaza. Nikamuuliza mashine hiyo ya ovaloki ni bei gani. Akanitajia ya mpya na ya mtumba, akanieleza kwa nini ya mtumba ya Kijapani ni bora kuliko mpya ya bei rahisi, fundi wa kuirekebisha yuko wapi, na itachukua muda gani kurudisha pesa kwa sare za shule peke yake. Hesabu yote ilikuwa kichwani. Tulikwenda kuinunua Jumamosi iliyofuata, yeye ndiye aliyepatana bei, mimi nilibeba mguu wa meza.